Mombasa na Vivuko Vyake

Wenye maandishi ya somo hili mbele yao na wafuatishe kwa kidole tunapokwenda, na asiyeelewa neno amwulize mwalimu wake kipindi kikiisha. Leo tutasema habari za mji wa Mombasa: jinsi watu walivyouingia, walivyozunguka ndani yake, na walivyotoka, tangu zamani hata sasa.

Bila shaka wengi wenu mmesikia habari za mji huo, na baadhi yenu mnakaa huko huko. Wageni kutoka nchi nyingi huja kutazama Ngome ya Yesu, kupita katika vichochoro vya Mji wa Kale, na kupumzika pwani ya Nyali au Diani. Lakini hata mgeni mwenye fedha nyingi, akitaka kwenda Diani, aweza kuikuta motokaa yake imesimama kwenye foleni ya Likoni, karibu na mama aliyejitwika kapu la maembe, wote wawili wakingoja chombo kimoja. Kwa nini iwe hivyo? Ili tujibu swali hili hatuna budi kwanza kujua umbo la mahali penyewe.

Weka mkono wako wa kulia juu ya meza, ukunje ngumi. Tuseme ngumi hiyo ndiyo kisiwa cha Mombasa, na meza ndiyo bara. Sasa fikiri kwamba maji ya bahari yameingia yakaizunguka ngumi, mahali pengine yakawa mapana na mahali pengine membamba. Kisiwa chenyewe si kikubwa. Ni kama kilomita za mraba 14, na mtu mwenye miguu mizuri aweza kukimaliza kwa asubuhi moja. Upande wa juu, kaskazini magharibi, ndiko Makupa, mahali ambapo bara na kisiwa vimekaribiana sana. Upande wa kulia, ng'ambo ya maji, ni Nyali na Kisauni. Upande wa chini, kusini, ni Likoni. Mwalimu na ayaandike majina haya matatu ubaoni, Makupa, Nyali, Likoni, kwa sababu historia yote tutakayoisema leo yapita katika milango hii mitatu.

Neno kivuko latokana na kuvuka. Lina maana mbili: mahali pa kuvukia, na pia chombo cha kuvushia. Kivuko cha kwanza cha Mombasa kilikuwa cha maana ya kwanza tu. Huko Makupa, maji yalipokupwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu yake, nguo akiwa amezikunja. Maji yalipojaa, mlango ukajifunga. Kwa watu wa Mvita, maana hilo ndilo jina la zamani la Mombasa, jambo hilo lilikuwa neema na hatari kwa pamoja. Ilikuwa neema kwa sababu vyakula na watu waliingia kutoka bara bila kuhitaji mtumbwi. Ilikuwa hatari kwa sababu adui naye ana miguu.

Mwaka 1589 hatari hiyo ilionekana wazi. Wazimba, watu wa vita waliotoka upande wa mto Zambezi, walikuwa wamefika Makupa na kukaa ng'ambo wakingoja nafasi ya kuvuka. Wakati huo huo watu wa Mombasa walikuwa wamemkaribisha Mturuki mmoja, Ali Bey, awasaidie dhidi ya Wareno, na meli zake zilikuwa zikikilinda kivuko kwa mizinga. Ndipo manowari za Wareno zilipokuja kutoka Goa, chini ya Tomé de Sousa Coutinho, zikaziteka meli za Waturuki. Kivuko kikabaki bila mlinzi. Wazimba wakavuka, na mji ukaangamia vibaya. Miaka minne baadaye, mwaka 1593, Wareno walianza kuijenga ile ngome ambayo leo watalii huipiga picha. Mgeni huonyeshwa ngome akaambiwa ndiyo iliyoulinda mji. Mimi naona ingefaa apelekwe na Makupa pia, ingawa siku hizi haoni kitu huko ila malori.

Ndani ya kisiwa watu walikwenda kwa miguu, au juu ya punda. Mizigo ilichukuliwa na mahamali mabegani, na baadaye kwa mikokoteni. Ukienda Mji wa Kale utaelewa sababu: njia zake zilifanywa kwa kipimo cha mtu na punda, si kwa kipimo cha gari. Mpaka leo vichochoro vingi huko havipitiki ila kwa miguu, na mkokoteni wa maji bado hupita ambapo lori haliwezi. Hata mtalii aliyekuja kwa ndege kubwa hushuka hapo akatembea kama watu wa zamani walivyotembea.

Sasa sikilizeni habari ya kitu ambacho vijana wengi hawakijui. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipewa idhini na serikali ya Uingereza kufanya kazi katika nchi hizi. Mwaka 1890 ikaanza kutandika reli nyembamba, upana wake futi mbili tu, kwa nia ya kufika mbali sana bara. Reli ile ilikwenda maili chache ikakoma, kwa maana fedha hazikutosha. Vyuma vikang'olewa. Lakini havikutupwa, vilitandikwa kisiwani, katika njia za mji, na juu yake yakawekwa magari madogo ya magurudumu manne, yenye kiti na kitambaa cha kukinga jua. Yaliitwa matoroli. Hayakuwa na farasi wala injini. Yalisukumwa na watu, aghalabu wawili, wakikimbia nyuma.

Njia kuu ilitoka upande wa mji wa zamani mpaka bandari ya Kilindini, mwendo wa maili mbili hivi. Maofisa wa serikali na matajiri walikuwa na matoroli yao wenyewe, kama leo mtu anavyokuwa na motokaa yake mlangoni, na wasafiri waliotoka melini walikodi. Penye mlima wasukumaji walisukuma wakitokwa na jasho. Penye mteremko walirukia nyuma wakapumzika kidogo. Msafiri aliyeandika barua nyumbani Ulaya alisifu sana upepo mzuri alioupata akiwa amekaa. Hatuna barua iliyoandikwa na msukumaji. Angalieni jambo hili, enyi mnaojifunza kusoma na kuandika: mtu aliyekijua kila kichaka na kila jiwe la njia ile, aliyepita kwa miguu yake mara nyingi kwa siku, ndiye ambaye maneno yake hayakubaki.

Matoroli yalidumu hata motokaa zilipozidi, na katika miaka ya 1920 yakatoweka mjini.

Wakati matoroli yalipokuwa yakisukumwa, kazi kubwa zaidi ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1896 reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na jambo lake la kwanza lilikuwa lile lile la siku zote: tutavukaje Makupa? Likajengwa daraja la muda la mbao ili vyuma na wafanya kazi wapite upesi, kisha daraja la chuma likafuata, likapewa jina la Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Gari la moshi likafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Baadaye palijazwa mawe na udongo pakawa tuta lenye barabara na reli, na mlango wa Makupa, uliokuwa ukifunguliwa na kufungwa na bahari, ukawa wazi usiku na mchana.

Tuta lile lilikuwa na kasoro yake. Lilizuia maji ya kujaa na kupwa yasipite vizuri kutoka upande mmoja hata wa pili, na maji yasiyotembea huharibika. Ndiyo sababu mwaka 1922 hamtausikia ukitajwa katika habari hii, bali mwaka 2022, ambapo daraja jipya lilifunguliwa Makupa ili magari yapite juu na bahari ipite chini. Msichanganye miaka hiyo miwili katika madaftari yenu.

Mlango wa pili ni Nyali. Huko maji ni ya kina na majahazi yalipita kuingia Bandari ya Kale, kwa hiyo hapakuwa na njia ya miguu. Watu walivuka kwa mashua. Mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la ajabu: lilikuwa likielea. Halikusimama juu ya nguzo zilizozamishwa chini. Lilikaa juu ya maboya makubwa, bahari ikijaa likapanda, bahari ikipwa likashuka. Aliyevuka alilipa ushuru. Kwa mwenye motokaa ushuru si neno, lakini kwa mtu wa Kisauni aliyevuka kila siku kwenda kutafuta kazi ya kutwa, kila senti ya njiani ilikuwa senti iliyotoka katika chakula. Mwaka 1980 daraja jipya la Nyali, la nguzo, lilifunguliwa, kazi ya mafundi wa Kijapani, na lile la kuelea likastaafu. Tangu hapo nyumba, maduka na mahoteli yameongezeka sana upande huo. Msione ajabu: penye daraja hujengwa nyumba.

Sasa tufike Likoni, na hapa nitakawia kidogo.

Likoni ndipo meli kubwa zinapopita kuingia Kilindini. Neno Kilindini lenyewe latuambia: ni mahali penye kilindi, maji marefu. Kwa sababu ya meli hizo daraja la chini haliwezi kujengwa, maana litafunga bandari, na bandari hiyo huleta mizigo ya Kenya, ya Uganda na ya nchi nyingine za mbali na bahari. Hivyo tangu mwaka 1937 watu wamevushwa kwa feri. Kwa muda mrefu feri hizo zilikuwa mkononi mwa kampuni ya mabasi, Kenya Bus Services. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikatoka huko zikaenda kwa Halmashauri ya Bandari, kisha likaundwa shirika lake lenyewe la feri, ambalo baadaye kazi yake ilirudishwa tena kwa bandari.

Ukifika pale asubuhi na mapema utaona watu wengi mno. Husemwa kwamba kwa siku moja huvuka watu zaidi ya 300,000, na magari maelfu. Safari yenyewe ni ya dakika chache. Kinachokula wakati ni kungoja. Wako wafanya kazi wa bandarini, wanafunzi, wauza samaki, wagonjwa wanaokwenda hospitali, na watalii ndani ya magari yao wakitazama saa kwa hofu ya kuachwa na ndege. Mwenye gari hulipa. Mtu wa miguu, kwa miaka mingi sasa, halipi kitu. Wako wanaosema kwamba kumvusha mtu bure ni kuitia serikali hasara. Mimi sikubaliani nao. Anayekwenda mjini kutoka Makupa hapandi feri wala halipi kwa kutembea juu ya barabara. Basi mtu wa Likoni, ambaye barabara yake ni maji, kwa nini alipe?

Lakini bure si salama. Tarehe 29 Aprili mwaka 1994, feri ya Mtongwe, kivuko kilicho karibu na Likoni, ilipinduka ikiwa kama mita 40 tu kutoka ukingoni. Chombo kile kilikuwa cha watu 300, nacho kilikuwa kimechukua zaidi ya 400. Watu 272 walikufa. Mita 40 ni kama kutoka mlango wa darasa lenu mpaka mwisho wa uwanja wa shule. Waliosimama nchi kavu waliweza kuwaona nyuso.

Nataka mwelewe kwa nini idadi ya watu ni jambo la uzima na mauti, kwa hiyo fanyeni jaribio hili. Jazeni beseni maji, muelezeshe bakuli jepesi juu yake. Tieni kokoto chache chini ya bakuli, litakaa imara. Ongezeni kokoto mpaka zifike juu, kisha lisukumeni kidogo kwa kidole. Kokoto zitateleza upande mmoja, ukingo utainama, na maji yakiisha kuingia hakuna wa kuyarudisha. Watu waliosongamana ndani ya chombo ni kama kokoto hizo: chombo kikiinama, nao huelekea upande ule ule.

Ndiyo maana kila chombo cha kuvushia watu huwekewa kiwango chake. Zamani wengi waliopanda hawakuweza kukisoma, na hata walioweza hawakudhani kwamba tarakimu zile zawahusu wao. Walidhani ni mambo ya nahodha. Ninyi mnaweza kusoma 300, na mnaweza kuona kwamba walio mbele yenu wamezidi. Mwenye haraka atawasukuma na kuwacheka mkisimama nyuma kungoja chombo kingine. Mwacheni acheke.

Miaka ya karibuni serikali ya Kenya imetafuta njia za kupunguza msongamano huo. Wakati wa ugonjwa wa korona, watu walipotakiwa wasikaribiane, lilijengwa daraja la watu wa miguu la kuelea kutoka Liwatoni, nalo likafunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2021. Sehemu yake ya katikati ilifunguka kuzipisha meli, na wakati huo wavukaji walingoja kama kawaida. Tazameni jinsi fikira ya Nyali ya mwaka 1931 ilivyorudi baada ya miaka 90. Kwa wenye magari, mwaka 2018 ilifunguliwa sehemu ya kwanza ya barabara ya Dongo Kundu, ambayo pamoja na madaraja yaliyofuata yamzungusha mtu kwa upande wa magharibi mpaka pwani ya kusini bila kupanda feri. Mtalii wa Diani amepata nafuu. Mama wa maembe hana gari, na njia ile ni ndefu. Yeye angali anavuka Likoni.

Nimebakiwa na dakika chache, na bado sijasema neno juu ya magari ya mjini. Nitapita haraka. Matatu, kama wazee wasemavyo, zilipata jina kwa sababu nauli yake zamani ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari hayo yachukue abiria bila leseni waliyokuwa nayo mabasi, na tangu hapo yakaenea kila mahali. Mwaka 2004 zikaanza kutumika sheria za kufunga mikanda, kuzuia mwendo wa kasi, na kuchora mstari wa manjano ubavuni. Kisha yakaja magari ya magurudumu matatu, tuktuk, ambayo yanaufaa sana mji wenye njia nyembamba, na pikipiki za bodaboda. Mgeni apandaye tuktuk au bodaboda na apatane bei kabla ya kuketi, wala si baada ya kushuka. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Na anayekuja kwa treni mpya kutoka Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, ajue kwamba stesheni yake iko Miritini, bara, wala si kisiwani kama ile ya zamani. Akishuka pale bado atavuka Makupa, mahali pale pale Wazimba walipongojea maji kupwa.

Sasa kazi ya wiki hii. Mtafuteni mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyevuka maji zamani, iwe Mombasa, iwe mto wa kwenu au ziwa. Mwulizeni alivuka kwa chombo gani, ni nani aliyekiendesha, na alilipa nini: senti, samaki, au jasho la kusaidia kupiga kasia. Andikeni mistari sita, kwa wino, na chini yake liandikeni jina la mahali penyewe na mwaka mzee anaoukumbuka. Mwalimu atazikusanya karatasi siku ya Ijumaa.